Pima Kwanza, Rangi Baadaye: Mapembea Yetu na Hewa ya Chumvi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu wasimamizi wa viwanja vya watoto, mafundi, vijana wa skuli za ufundi, na nyinyi wazazi mliokuja kusikiliza.

Sikukuu inapokaribia, viwanja vyetu Unguja na Pemba vinanunua rangi. Nyekundu, njano, buluu. Watoto watavaa nguo mpya, basi na mapembea nayo yavae. Sina ugomvi na rangi; ikipakwa vizuri inakilinda chuma. Ugomvi wangu ni rangi inayopakwa juu ya chuma ambacho hakijapimwa, maana hiyo inafuta maandishi ambayo fundi alitakiwa ayasome kwanza.

Tarehe 26 Julai 2017, katika maonesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mkono wa mtambo mmoja unaobembea huku unazunguka ulikatika watu wakiwa juu. Kijana mmoja alifariki papo hapo, wengine wakajeruhiwa. Ilikuwa siku ya ufunguzi, na siku hiyo hiyo wakaguzi walikuwa wameupitisha. Mtambo ulikuwa na umri wa miaka 18. Kiwanda kilichouunda, cha Uholanzi, kilieleza baadaye kwamba kutu ndani ya boriti inayobeba viti ilikuwa imekula chuma mwaka hadi mwaka, mpaka ukuta wa boriti ukawa mwembamba kupita kiasi. Ndani ya boriti, ndugu zangu. Kwa nje hapakuwa na kitu cha kumshitua mtu.

Sasa Columbus, mji ulipotokea huo mkasa, uko mbali na bahari. Sisi tuko kisiwani. Kiwanja cha Kariakoo hapa mjini hakiko mbali na pwani, na Tibirinzi kule Chake Chake nako ni kisiwani vile vile. Chembe za chumvi zinakuja na upepo, zinatua juu ya chuma, usiku zinavuta unyevu, asubuhi chuma kina ngozi ya maji ya chumvi hata kama mvua haikunyesha. Ratiba ya matengenezo iliyoandikwa kwa nchi kavu na baridi, ukiifuata kama ilivyo hapa kwetu, unachelewa.

Maji yanaingiaje ndani ya bomba lililozibwa? Yanaingia kwenye tundu la bolti. Yanaingia kwenye ufa mdogo wa mshono wa kuchomelea. Na yanaingia kwa pumzi: mchana hewa ndani ya bomba inapata joto na kutanuka, inatoka, usiku inapoa, bomba linavuta hewa mpya yenye unyevu na chumvi, unyevu unaganda kuwa matone, matone yanateremka chini. Ndiyo maana mabomba mengi yana tundu dogo la kutolea maji upande wa chini. Hilo tundu ndilo nyigu wanalolipenda kujengea udongo wao. Likizibwa, bomba linakuwa mtungi. Chukua waya mwembamba, yapite matundu yote kila wiki, na uangalie kinachotoka. Yakitoka maji yenye rangi ya chai, umeshapata habari yako.

Baada ya hapo ni kupima. Kipo kifaa cha mkononi kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti. Kinasoma kutoka upande mmoja tu, huhitaji kukata bomba. Safisha mahali pa kupimia, paka jeli ili kichwa cha kifaa kishikane na chuma, kisahihishe kwanza kwenye kipande cha chuma unachojua unene wake, ndipo usome. Ukisoma juu ya rangi nene kwa kifaa cha kawaida, rangi nayo inahesabiwa kama chuma, na hapo unajidanganya. Pima sehemu ya chini kabisa ya bomba, karibu na tundu la maji, karibu na mishono, na pale bomba linapoingia kwenye zege. Weka alama ya kudumu kila sehemu, ili mwaka ujao usome pale pale. Kipimo kimoja kinakupa unene. Vipimo vya miaka mitatu vinakwambia chuma kinaliwa kwa kasi gani, na hicho ndicho unachokitaka hasa.

Nitawapa hesabu moja. Tuseme mchoro wa kiwanda unasema ukuta ni milimita 6, wewe unasoma 4.5. Robo imeondoka. Mtu atasema, bado robo tatu ipo, inatosha. Kwa mzigo uliotulia huenda ikatosha. Lakini pembea haitulii: inabeba, inaachia, inabeba, maelfu ya mara kwa mwezi, na chuma kinachoka. Kwa bomba jembamba, ukuta ukibaki robo tatu, mkazo ndani ya chuma unapanda kwa theluthi moja. Na maisha ya mshono wa kuchomelea yanapungua kwa kadiri ya mkazo ukizidishwa wenyewe mara tatu. Moja na theluthi, mara moja na theluthi, mara moja na theluthi tena, ni karibu 2.4. Maana yake ule mshono uliotarajiwa kuishi miaka 20 sasa una chini ya miaka 9, ukihesabu tangu mwanzo, na huenda ushaitumia yote. Kikomo cha kuukataa mkono kinatoka kwenye kitabu cha kiwanda, usikitunge wewe. Kama kitabu kimepotea, waandikie kiwanda. Mtambo usio na kitabu usibebe mtoto wa mtu mpaka mhandisi aukokotoe.

Nyufa nazo zina dalili yake. Ukiona juu ya rangi mstari mwembamba wa kutu unaoteremka kutoka kwenye mshono, kama jicho linalotoa machozi, usiupake rangi. Ufa unapumua hapo. Ondoa rangi mpaka chuma kitupu, bila ya kusaga kwa nguvu, kwa sababu jiwe la kusagia linapakaza chuma juu ya ufa na kuufunga mdomo. Safisha mafuta. Pulizia dawa nyekundu ya kupenya, subiri dakika 10 hadi 20, futa kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo dawa ya kusafishia. Usiipulizie moja kwa moja, itaosha na ile iliyoingia ndani ya ufa. Kisha pulizia dawa nyeupe na ungoje. Ufa ukiwapo, mstari mwekundu utajichora wenyewe. Na ufa ukionekana, kuuchomelea juu si matengenezo: joto linabadilisha chuma pembeni yake, na ufa mpya unaanzia hapo hapo. Mtambo unafungwa mpaka apatikane mtu mwenye sifa na utaratibu wa kiwanda.

Kwenye bolti ndiko pesa ndogo inakonunua balaa kubwa. Kichwa cha bolti kina namba. 8.8 ni chuma kinachostahimili mara mbili ya 4.6, na dukani zinafanana mpaka uzisome. Bolti isiyo na namba haina kazi kwenye pembea. Na usidhani bolti ya chuma kisichoshika kutu ni dawa ya kila kitu. Ukiifunga kwenye aluminiamu katika hewa yetu, bolti itabaki iking'ara na aluminiamu italiwa kuizunguka. Vitenganishe kwa washa, ile pete bapa ya bolti, na kibomba cha nailoni kinachoivika bolti. Nati yenye pete ya nailoni ikishafunguliwa itupwe. Kaza kwa spana ya kipimo kwa jedwali la kiwanda, ukijua kwamba jedwali la nyuzi kavu na la nyuzi zenye mafuta hayalingani. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Kesho asubuhi jicho litakwambia: mstari ukivunjika, nati imetembea.

Minyororo ya pembea za kuzunguka pima pale pete inapokutana na pete, hasa ile ya juu kabisa. Pete ya milimita 8 ikifika 7.2, yaani sehemu moja ya kumi imeondoka, mnyororo mzima unateremshwa, na wa jirani yake uangaliwe kwa makini. Grisi: usichanganye aina mbili usizozijua, zinaweza kuyeyukana na kutiririka zikaacha beringi kavu. Na ukiosha chumvi kwa maji baridi, jambo zuri la kufanya kila wiki, mpira wa maji usiuelekeze kwenye beringi.

Haya, mzazi anapata nini kwa pesa yake?

Tuchukue pembea la farasi lenye viti 24. Mzunguko wake ni dakika 3, kupanda na kushuka dakika 3. Kwa saa unapata mizunguko 10, watoto 240. Kupanda na kushuka kukichukua dakika 5, unapata mizunguko saba na nusu, watoto 180. Watoto 60 kila saa wamebaki foleni, na kwa usiku wa saa tano ni 300. Msimamizi akiona hivyo anapunguza dakika za kuzunguka, kutoka 3 mpaka moja na nusu. Huko ni kumpunja mtoto alichokwisha kulipia, na watoto wanajua, na mama zao wanajua. Muda uko kwenye kupanda, upunguze huko. Tiketi ikatwe kwenye foleni. Kijiti cha urefu kiwe mwanzo wa foleni, si mlangoni, ili mtoto asisimame nusu saa halafu arudishwe akilia. Ishirini na nne wanaofuata wawe wamehesabiwa na kusimama kwenye uzio wao kabla pembea halijasimama. Wanaoshuka watoke mlango mwingine. Jambo moja tu halina njia ya mkato: mhudumu auguse kila mkanda na kila kizuizi kwa mkono, auvute, auone umeshika. Kuangalia kwa macho hakutoshi.

Pembea la duara lina siri yake ya kupakia. Likiwa na vikapu 12, usijaze upande mmoja: jaza 1, kisha 7, kisha 4, kisha 10, ndipo urudi kwa 2 na 8, 5 na 11. Uzito ukilala upande mmoja, magurudumu ya mpira yanayolisukuma yanateleza, hasa mvua ikishanyesha, na mota inapata moto bure.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya viwanda havikuliandika vizuri: mavazi. Ushungi, mtandio, buibui, kanga, hata kanzu ya mtoto. Kwenye vigari vya mbio, kitambaa kikinaswa na ekseli ya nyuma kinavuta shingo kwa sekunde moja. Watu wameshakufa hivyo katika nchi zaidi ya moja. Jibu si kuwakataza wanawake wasicheze. Ekseli ifunikwe kabisa, kiwanja kiwe na kofia laini za kubana na makoti ya kufunga, na awepo mhudumu mwanamke na sehemu yenye pazia ya kujitengeneza. Huyo mhudumu ana thamani kwa mgeni kuliko taa mpya kumi.

Na Magharibi, watu wanapokwenda kusali, viwanja vingi vinapungua. Tumieni dakika hizo. Simamisheni mitambo yote, mafundi wapokezane sala, na kila mtambo upitiwe: mistari ya nati, joto la mota, harufu, sauti, kisha mzunguko mmoja mtupu. Baada ya Isha ndipo wimbi la Sikukuu linapoingia, na ni bora hitilafu ionekane kabla yake.

Majumba ya upepo ya kurukia yanaonekana mepesi, lakini Desemba 2021 huko Tasmania, Australia, upepo uliliinua moja na watoto sita wakafa. Kikomo ni upepo wa kilomita 38 kwa saa, upimwe kwa kifaa, uandikwe. Siku za kusi kali utaufikia mchana bila ya wingu lolote. Jumba lina angalau fungo sita, yaani sehemu za kulifungia chini, na zote zifungwe. Vigingi ni vya sentimita 38, vipigwe vikiinama. Lakini mchanga wetu wa pwani hauvishiki, wala juu ya mawe havizami, basi kila fungo lipate uzito wa kilo 163. Ndoo mbili za mchanga hazifiki huko.

Mwisho ni umeme. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na sote tunaikumbuka 2008, mwezi mzima wa giza, kisha ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kukatika kwa dakika kumi tu kunatosha kuwaacha watoto juu. Pembea la duara liwe na njia ya kulizungusha kwa mkono, na wahudumu wawe wameifanya mchana, kikapu kwa kikapu, wakihesabu muda. Jumba la upepo lina dakika chache kabla halijawalalia watoto, kwa hiyo mhudumu asiondoke mlangoni. Na umeme ukirudi, mtambo usianze wenyewe. Swichi yake iwe ya kujiachia umeme unapokatika, mpaka mtu aangalie juu, aangalie chini, ndipo abonyeze.

Mtambo ukifungwa, bango liwekwe kwenye dirisha la tiketi, mzazi alione kabla hajalipa; aliyekwisha kulipa arudishiwe yote. Na kabla haujafunguliwa tena, daftari liandikwe: kilichoonekana, kipimo kilichosomwa, kifaa kilichobadilishwa na namba yake, jina la aliyefanya, na jina la mwingine aliyehakiki.