Kupima na Kutengeneza Njia ya Umeme ya Hita Plagi katika Injini ya Dizeli

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunashughulikia injini ya dizeli ambayo asubuhi yenye baridi hukataa kuwaka mpaka stata izungushwe kwa muda mrefu, ikiwaka hutoa moshi mweupe na kutetemeka, kisha ikishapata moto hufanya kazi vizuri mchana kutwa. Madereva wa Njombe na Makete wanaifahamu sana hali hii, hasa mwezi Juni na Julai. Gari lililo mbele yetu ni Toyota Hiace yenye injini ya 5L ya silinda nne na umeme wa volti 12. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo tumekwisha kuinua viti ili uone vizuri.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta, lakini chuma kikiwa baridi hunyonya sehemu kubwa ya joto hilo, na katika injini ya aina hii, ambamo nozeli humwaga mafuta kwenye chemba ndogo iliyo pembeni ya silinda, hasara hiyo huwa kubwa zaidi. Hapo ndipo inapohitajika hita plagi, yaani kifaa cha umeme kinachopasha joto chemba kabla ya injini kuwaka. Ncha yake imeingia ndani ya chemba hiyo, na ikiwa nzima hufikia nyuzi 850 za Selsiasi au zaidi.

Tazama sasa taa ya koili kwenye dashibodi: inawaka, kisha inazimika. Katika magari mengi ya zamani taa hiyo hufuata kipima muda peke yake, na itazimika kwa wakati wake hata kama plagi zote nne zimekufa. Ndiyo maana siafiki desturi ya kununua plagi mpya kabla ya kupima chochote.

Anza na betri. Ikiwa imetulia iwe na volti 12.4 au zaidi, kwa sababu stata inayozunguka polepole huleta dalili zilezile. Kisha weka ncha nyekundu ya mita ya umeme kwenye ule ubapa wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi, ncha nyeusi kwenye chuma safi cha injini, na mwombe mwenzako afungue swichi bila kupiga stata. Hapa tunasoma volti 11.3, na hiyo inatosha, kwani plagi huvuta umeme mwingi na lazima betri ishuke kidogo. Baadhi ya matoleo yana relei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) na rezista ya kupunguza umeme, na kwa hayo volti hushuka kwa makusudi baada ya sekunde chache. Usiihesabu kuwa hitilafu.

Kama ungesoma sifuri, usingegusa plagi kwanza, bali ungerudi nyuma kwa kufuata waya. Pima fyuzi kubwa ya mfumo huu pande zote mbili, kisha nenda kwenye relei. Waya mnene unaotoka betri uwe na umeme wakati wote. Relei ikilia na umeme ukaingia bila kutoka upande wa pili, basi vidole vyake vya ndani vimeungua, ibadilishe. Isipolia, pima waya mwembamba unaoiamrisha pamoja na ethi yake, yaani kiungo chake na bodi ya gari, maana kutu kwenye skrubu moja ya ethi inatosha kuizuia. Pima pia umeme unaopotea ndani ya relei inapofanya kazi: tofauti ya zaidi ya nusu volti kati ya kuingia na kutoka ni dalili kwamba imechoka.

Kwa gari letu umeme unafika, kwa hiyo sasa tunazipima plagi zenyewe. Ondoa kwanza waya wa ethi wa betri, kwani spana ikigusa ubapa na bodi kwa pamoja huleta moto. Legeza nati, toa ubapa, weka mita kwenye omu, kisha gusanisha ncha zake mbili na ukumbuke namba unayoona ili uitoe katika vipimo vyako. Sasa pima kila plagi, ncha moja kwenye kichwa chake na nyingine kwenye chuma cha injini. Plagi nzima ya aina hii huwa na omu moja hivi, wakati mwingine pungufu. Ya kwanza, ya pili na ya nne zinalingana. Ya tatu haionyeshi njia kabisa, yaani imekatika ndani.

Itoe injini ikiwa na joto, baada ya kunyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha yapenye. Legeza kidogo, rudisha kidogo, bila haraka, kwa sababu plagi ikikatikia ndani huenda ukalazimika kushusha silinda hedi. Ikitoka, isome ncha yake. Iliyoyeyuka upande mmoja mara nyingi inalaumu nozeli inayomwaga vibaya. Zote zikiwa zimevimba, umeme umekaa juu yake kupita kiasi: labda relei imeganda, labda zimefungwa plagi za volti ndogo, au fundi aliweka kitufe cha kubonyeza kutoka betri moja kwa moja. Kitufe hicho nakipinga kwa nguvu, kwani hakina kipima muda na dereva mwenye haraka hukishikilia mpaka plagi ziungue.

Soma volti zilizoandikwa kwenye plagi mpya na uzilinganishe na za zamani, na usiijaribu plagi ya volti ndogo juu ya betri ya volti 12. Safisha masizi kwenye tundu, anza kuifunga kwa vidole, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Sugua ubapa kwa msasa mpaka ung'ae kabla ya kuurudisha.

Rudisha ethi ya betri, zungushia mita ya koleo (inayopima mkondo wa umeme bila kukata waya) kwenye waya mnene, na ufungue swichi. Umeme huanza juu kisha hushuka na kutulia, na plagi nne nzima zitavuta zaidi kuliko zile tatu za mwanzo. Injini iache ipoe usiku kucha ndipo uijaribu. Usipulizie dawa ya kuwashia yenye etha kwenye injini yenye hita plagi, kwani inaweza kulipuka ndani ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa. Moshi mweupe ukiendelea hata sasa, kazi inayofuata ni kupima kompresheni (nguvu ya injini kubana hewa) na nozeli.