Neno la Kwanza la Swali Ndilo Linalorudi Kwenye Jibu

BARAKA: Karibu msikilizaji. Tunaongea nawe kutoka Dodoma, na kipindi chetu ni kilekile cha Kiingereza kwa anayeanza. Mimi Baraka, na Mwalimu Nyemo yuko hapa. Shikamoo Mwalimu.

NYEMO: Marahaba, Baraka. Na nyote mnaotusikiliza, nawasalimu kwa Kigogo cha hapa Dodoma: mbukwenyi! Leo nataka tukae kwenye maswali. Maswali mafupi na majibu yake mafupi. Maana wengi tunaanza kwa kukariri kujitambulisha, jina langu nani, natoka wapi, nina ndugu wangapi. Tunakariri vizuri kabisa. Halafu mgeni anauliza kaswali kamoja, maneno manne tu, mtu anakwama.

BARAKA: Na hapa mjini maswali hayapungui siku hizi. Serikali ilianza kuhamia 2016, tukawa jiji 2018, treni ya SGR ikaanza kutufikia 2024. Ukikaa pale stesheni utamsikia mgeni anamuuliza dereva wa bajaji, "Do you know this hotel?" Dereva hoteli anaijua, hata mlinzi wa getini anamfahamu. Sasa ajibu vipi?

NYEMO: Wengi watasema, "Yes, I know." Abiria ataelewa na atapanda, hakuna aliyeharibikiwa. Ila jibu fupi la Kiingereza hapo ni "Yes, I do." Kama haijui, "No, I don't."

BARAKA: Hapo ndipo wasikilizaji wanapouliza kila siku. Mwalimu, "do" si ni kufanya? Mbona sijaulizwa nafanya nini? Nimeulizwa kama naijua hoteli.

NYEMO: Swali zuri sana, na lina jibu. Tuanzie nyumbani. Nikikuuliza, "Umekula?" unanijibuje?

BARAKA: "Nimekula." Au "Bado."

NYEMO: Umenirudishia kitenzi. "Unaijua?" "Naijua." "Amefika?" "Amefika." Kitenzi chetu kimebeba mambo yote humo humo: nani, wakati gani, na mara nyingine kinachotendwa. Kigogo nacho kiko hivyohivyo. Kwa hiyo ukikirudisha umeshajibu. Na swali lenyewe hatulipangi upya. Unabadilisha sauti, au unatanguliza "je", basi.

BARAKA: "Ameondoka." "Ameondoka?" Maneno yaleyale.

NYEMO: Yaleyale. Sasa Kiingereza hakina viambishi hivyo. "Know" ukiitazama haikuambii ni mimi, ni wewe, ni wao. Ili sentensi iwe swali kinawekwa kitenzi kisaidizi mbele ya mtendaji. Hiyo "do" ya "Do you know" haina maana ya kufanya hata kidogo. Kazi yake ni kukutahadharisha: linalokuja ni swali. Na unapojibu kwa ufupi unarudisha kile kisaidizi, kitenzi chenyewe unakiacha.

BARAKA: Kwa hiyo Mswahili anarudisha kitenzi, Mwingereza anarudisha kisaidizi.

NYEMO: Hapo ndipo penyewe. Mtu akiondoka na hilo peke yake leo, nitafurahi. Na msidhani Waingereza walizaliwa nayo. Miaka 400 na zaidi iliyopita mtu aliweza kuuliza "Know you the way?", mwenzake akauliza "Do you know the way?", na zote mbili zilikubalika. Taratibu hii ya "do" ikashinda. Vimebaki vitenzi vichache vinavyotangulia vyenyewe: "am", "is", "are", "can", "will", "must", na wenzao. Hivyo havitaki "do". Ndiyo maana "Do you can help me?" haipo. Ni "Can you help me?"

BARAKA: "Yes, I can."

NYEMO: Unaona? Neno la kwanza la swali limerudi kwenye jibu. Fundisha sikio lako likamate neno la kwanza. Hata kama sentensi nzima imekupita, ukilikamata lile la mwanzo jibu lako limeshapata umbo. Niulize chochote, nami nikuulize. "Can you drive?"

BARAKA: "Yes, I can."

NYEMO: "Do you sell grapes?"

BARAKA: "No, I don't."

NYEMO: "Is Dodoma in Tanzania?"

BARAKA: "Yes, it is."

NYEMO: Hapo simama. Niliuliza "Dodoma", ukajibu "it". Hilo ni jambo la kulizoea. Jina linaingia kwenye swali, kwenye jibu linatoka kiwakilishi. "Is this bus going to Kondoa?" "Yes, it is." "Is your mother at home?" "Yes, she is." Na hapa sisi tuna mtihani, kwa sababu "yeye" yetu haibagui mwanamume na mwanamke. "Yuko nyumbani" ni baba, ni mama, ni mtoto. Basi unamsikia mtu anaulizwa habari za baba yake, anajibu "Yes, she is." Mgeni anabaki anajiuliza ni nani anayezungumziwa. Kabla ya kufungua mdomo, jiulize kwanza: ni mwanamume au mwanamke?

BARAKA: Na "Are you"? Maana neno la kwanza ni "are", lakini sisemi "Yes, I are".

NYEMO: Hapana, kinageuka kumfuata anayejibu. "Are you a student?" "Yes, I am." "Were you here yesterday?" "Yes, I was." Kwetu si ni vilevile? "Umekula" inageuka "nimekula". Hapo huhitaji kufundishwa kitu kipya. Kipya ni hiki: ukijibu ndiyo, usifupishe. "Yes, I'm" haisemwi, hata kama "I'm a student" inasemwa kila siku. Lile neno la mwisho ndilo linalobeba jibu, kwa hiyo litamke lote. "Yes, I am." Kwenye kukataa unaruhusiwa kufupisha: "No, I'm not."

BARAKA: Twende kwenye "does". Barua za sauti tunazotumiwa, nusu ya maumivu yako hapo.

NYEMO: "Does". Mtu anasema "She works at Mtumba." Sawa kabisa, ile S mwishoni inamwonyesha mtendaji mmoja, yeye. Sasa unataka kuuliza. Watu wanasema "Does she works at Mtumba?" S mbili. Sikiliza, S ni mzigo mmoja. Ikishabebwa na "does", kitenzi kinatembea mikono mitupu. "Does she work at Mtumba?" "Yes, she does."

BARAKA: Na "did"?

NYEMO: Mwendo ni uleule. Wakati uliopita umeshabebwa na "did". "Did you go to Chamwino?" wala si "Did you went". Kwa kweli hapa Kiingereza kimemhurumia mwanafunzi, maana "went", "ate", "bought", vile vyote vinavyosumbua kukariri, kwenye swali huvihitaji. "Did you eat?" "Yes, I did." "Did they buy it?" "No, they didn't." Ukiacha "was" na "were", mtu ambaye hajui hata kitenzi kimoja kisicho cha kawaida anaweza kuuliza habari za jana siku nzima bila kukosea.

BARAKA: Hilo sikuwa nimelitazama hivyo. Mwalimu, yapo pia maswali ya wapi, lini, nini.

NYEMO: Kiswahili kinaliweka mwishoni mara nyingi. "Unaishi wapi?" "Unataka nini?" Ndipo unasikia "You live where?" Inaeleweka, lakini mpangilio wa kawaida ni neno la kuuliza kwanza, kisaidizi, mtendaji, kitenzi. "Where do you live?" "What do you want?" "When does the train leave?" Na hapa jibu fupi si "Yes, I do" tena. Jibu ni kile kilichoulizwa. "Where do you live?" "In Nkuhungu." Inatosha, hakuna anayekudai sentensi nzima.

BARAKA: Kuna watu wanaona kubadilisha mpangilio kwa ajili ya swali ni uzungu mtupu.

NYEMO: Waende Kondoa! Kirangi, lugha ya hapahapa katikati ya nchi, kina jambo la ajabu. Katika sentensi zake za wakati ujao kitenzi kikuu kinatangulia na kisaidizi kinafuata nyuma. Ukiuliza kwa neno kama nani au nini, vinabadilishana nafasi: kisaidizi kinakuja mbele. Wataalamu wa lugha wamekiandika sana Kirangi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo Mrangi anayejifunza Kiingereza, kichwa chake kinajua tayari kwamba swali linaweza kupanga maneno upya. Mimi ningependa walimu wa kule walitumie jambo hili darasani.

BARAKA: Safi sana. Wasikilizaji wa Kondoa, mmesikia. Na wanaowapokea watalii wa michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia 2006, hawa maswali wanayapata kila siku.

NYEMO: Na mengi ni haya mafupi. "Is it far?" "Can we walk?" "Do we need water?" Hilo la mwisho, jibu kwa sauti: "Yes, you do!"

BARAKA: Sasa tuingie kwenye lile ulilosema lazima tulimalize leo.

NYEMO: Ndiyo. Maswali ya kukanusha. Hapa naomba mtu asogeze simu karibu na sikio. Baraka, nikikuuliza kwa Kiswahili, "Huna chenji?" na kweli huna, unajibuje?

BARAKA: "Ndiyo, sina."

NYEMO: Ndiyo, maana yake ulivyosema ni kweli. Sisi tunamjibu muulizaji: umepatia, au hukupatia. Mwingereza hajibu hivyo. Anatazama jambo lenyewe. Chenji ipo? "Yes." Haipo? "No." Namna swali lilivyoulizwa haimhusu. Sasa mgeni amenunua zabibu barabarani, ametoa noti ya elfu kumi, anamuuliza kijana, "You don't have change?" Kijana hana. Anajibu kwa moyo mweupe, "Yes."

BARAKA: Mgeni anasubiri chenji.

NYEMO: Anasubiri, kijana naye anamsubiri mgeni atoe noti ndogo. Wote wakweli, na wanaanza kushukiana. Zabibu ni jambo dogo. Mpeleke mtu huyohuyo kwa daktari mgeni. "You are not taking any medicine?" Mgonjwa hatumii dawa yoyote, anasema "Yes." Daktari anaelewa anatumia. Au kinyume chake: mgonjwa anatumia dawa, anataka kumkatalia daktari maneno yake, anasema "No." Daktari anaandika hatumii dawa. Hapo tunazungumzia uhai wa mtu.

BARAKA: Tiba yake?

NYEMO: Usiliache "yes" wala "no" peke yake. Liambatanishe na jibu fupi. Kijana wa zabibu aseme "No, I don't." Mgonjwa asiyetumia dawa, "No, I'm not." Anayetumia, "Yes, I am." Na kumbuka, "yes" haiungani na "not" katika jibu fupi. "Yes, I don't" haipo duniani. Ukiona mdomo unataka kutoa "not", anza na "no". Tufanye mazoezi, na ujibu kwa ukweli. "Aren't you from Mwanza?"

BARAKA: Sitokei Mwanza. "No, I'm not."

NYEMO: "Don't you live in Dodoma?"

BARAKA: "Yes, I do."

NYEMO: Sawasawa. Kwa Kiswahili hapo ungesema "Hapana, naishi." Umeona ilivyogeuka?

BARAKA: Imegeuka kabisa. Hapo kwenye kukanusha nimewakumbuka wanafunzi wa kidato cha kwanza. Ametoka shule ya msingi ya Serikali alikosomeshwa kwa Kiswahili, anaingia sekondari, masomo karibu yote yanakuwa kwa Kiingereza. Mwalimu anauliza, "Do you understand?"

NYEMO: Darasa zima, "Yeees!" Hawajaelewa. Wamejifunza kwamba hilo ndilo jibu linalompendeza mwalimu. Naumia sana na jambo hili. Walimu wenzangu, mfundisheni mtoto "No, we don't" wiki ya kwanza kabisa, na akiisema mpokee vizuri. Mkiuliza "Don't you understand?" ndiyo mnawachanganya zaidi, kwa sababu mtoto hajui hata "yes" yake itaeleweka vipi. Uliza "Which part is difficult?" Hapo lazima ataje kitu.

BARAKA: Na mzazi asiyejua Kiingereza afanyeje?

NYEMO: Akae na mtoto jioni, mtoto amuulize maswali yanayoanza na "Do you", "Are you", "Can you". Mzazi ajibu kwa neno la kwanza. Mtoto ndiye mwalimu hapo, na anayefundisha ndiye anayeshika zaidi.

BARAKA: Msikilizaji, tutumie ujumbe wa sauti wa jibu lako kwa swali hili la Mwalimu. Uliza, Mwalimu.

NYEMO: "Didn't you drink tea this morning?" Jibu kwa ukweli wa asubuhi yako, na usiseme neno moja tu.

BARAKA: Wiki ijayo tunaanza na "who", maana "Who sells grapes?" haina "do" na wengi mmeuliza kwa nini. Kwaherini.