Karavani, Mtoto na Foleni za Likizo: Kupanga Safari ya Hamburg hadi Ziwa Garda

Hamjambo huko nyumbani? Wakubwa, shikamooni. Leo nazungumzia karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari. Likizo za kiangazi zinakuja, na wengi mnaokuja Ujerumani kusalimia ndugu mtajikuta mmepakiwa kwenye safari ya aina hii, mtoto kiti cha nyuma, foleni mbele. Mgeni naye ana sauti katika kupanga, maana mara nyingi ndiye anayekaa na mtoto.

Tuchukue mfano mmoja, Hamburg hadi Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia. Ni kama kilomita 1,200. Aliyezoea gari tupu atakwambia tunaondoka asubuhi, usiku tumefika. Mpe hesabu hii. Gari linalovuta karavani Ujerumani linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa kwenye Autobahn, zile barabara kuu za kasi. Kuna kibandiko cha kuruhusiwa kilomita 100 kwa saa, lakini kina masharti: gari liwe na ABS (breki zisizofunga tairi), tairi za karavani ziwe hazijafikisha miaka sita, karavani iwe na shokapu, na uzito wake uendane na uzito wa gari. Hata ukiwa nacho, ukitoa milima, sehemu zinazokarabatiwa na vituo vya mafuta, wastani halisi ni kama 60. Msimu wa likizo weka 50. Hapo 1,200 zinakuwa saa 24 za usukani.

Sasa mweke mtoto wa miaka mitatu ndani ya saa hizo.

Kwa hiyo usipange kwa kilomita, panga kwa muda wa mtoto kukaa kwenye kiti. Mtoto wa umri huo anavumilia saa moja na nusu, ikizidi sana mbili, halafu ashuke akimbie nusu saa nzima. Dakika tano za kunyoosha miguu hazimtoshi. Magurudumu yakizunguka saa saba kwa siku, basi, inatosha. Hizo ni kilomita 350 hadi 400, yaani siku tatu. Usiku wa kwanza lala maeneo ya Fulda, wa pili kusini mwa Munich, siku ya tatu vuka milima ya Alpi. Atakayesema siku tatu ni uvivu, mkabidhi mtoto akae naye nyuma.

Siku ya kuondoka ina uzito kuliko kitu kingine chochote mtakachoamua. Ujerumani ina majimbo 16, na likizo za shule zinapishana kwa makusudi ili wote wasitoke pamoja. Bavaria na Baden-Württemberg huwa za mwisho. Jimbo kubwa kama Nordrhein-Westfalen likifunga shule, wikiendi hiyo barabara za kusini zinajaa. Ijumaa mchana ni mbaya, Jumamosi ni mbaya zaidi, na Jumapili mchana wanaorudi wanakutana na wanaokwenda. Sababu mojawapo ni kwamba nyumba nyingi za likizo hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Wewe una nyumba yako nyuma ya gari! Kodi kiwanja chako kambini Jumanne hadi Jumanne, hakuna anayekulazimisha Jumamosi.

Utasikia watu wakisema Jumamosi ni nzuri kwa sababu malori hayapo. Ni kweli, Julai na Agosti malori ya zaidi ya tani 7.5 yanazuiwa kwenye barabara kuu nyingi za Ujerumani kila Jumamosi, saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na Jumapili hayaruhusiwi hadi saa nne usiku. Lakini yamezuiwa kwa sababu magari madogo yanajaza barabara yenyewe. Halafu fikiria: wewe unakwenda 80, karibu sawa na lori. Lori mbele yako halikucheleweshi. Jumanne na Jumatano kaa njia ya kulia katikati ya malori, utafika ukiwa mtulivu. Na usisahau, msafara wenye urefu wa zaidi ya mita 7 hauruhusiwi kupita njia ya kushoto kabisa pale penye njia tatu upande mmoja nje ya mji. Gari na karavani kwa pamoja huvuka mita 7 bila shida.

Chama cha magari cha ADAC hutoa utabiri wa foleni kwa kila wikiendi ya msimu. Mkipitia Ufaransa, angalieni Bison Futé, huduma ya huko ya utabiri wa foleni, wanapanga siku kwa rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Siku nyeusi baki kambini.

Kuhusu saa ya kuondoka, wengi hupenda saa sita usiku ili mtoto alale njia nzima. Mimi siungi mkono. Dereva ameshinda macho tangu asubuhi, na saa kumi na moja alfajiri mtoto anaamka na nguvu zake zote wakati wazazi wameisha. Isitoshe, usiku vituo vya mapumziko vinajaa malori, hata nafasi zilizochorwa kwa ajili ya magari yenye trela zinachukuliwa. Bora saa kumi alfajiri, dereva akiwa amelala tangu saa mbili usiku. Mtoto mbebe na nguo zake za kulalia, mfunge kwenye kiti bila koti zito, kwa sababu koti linaacha nafasi kati ya mkanda na mwili, na gari likigongwa mkanda unakuwa legelege. Chai mnywe saa moja asubuhi njiani. Saa sita au saa saba mchana siku yenu imeisha, na mtoto ana alasiri nzima ya kucheza. Ila pigeni simu kambini mapema: kambi nyingi hufunga geti mchana, mara nyingi saa saba hadi saa tisa, na hamtaki kusubiri nje juani.

Haya, uzito. Leseni ya daraja B inaruhusu gari na karavani ambazo uzito wake wa juu ulioandikwa kwenye kadi, ukijumlishwa, hauzidi kilo 3,500. Ikizidi, hadi 4,250 unahitaji nyongeza ya leseni iitwayo B96, juu ya hapo leseni ya BE. Angalia namba za kwenye kadi, usikisie.

Kisha kuna uzito unaokandamiza ndoano ya gari, pale karavani inapokalia. Magari mengi yanaruhusu kilo 75 au 100, na karavani nayo ina kikomo chake. Unafuata kilicho kidogo. Kuupima hakuhitaji fundi. Simamisha karavani sehemu tambarare, weka kabari kwenye magurudumu yasibiringike. Kata kipande cha mbao chenye urefu wa kutosha, ili kikisimama juu ya mizani ya bafuni kichwa cha karavani kiwe kwenye kimo kilekile cha ndoano ya gari lako. Weka mizani chini ya kichwa, mbao juu yake, halafu zungusha gurudumu dogo la mbele lipande taratibu mpaka uzito wote ukae kwenye mbao. Soma. Ukipata kilo 40 wakati unaruhusiwa 100, mzigo umeelemea nyuma na hiyo karavani itayumba. Nyuma ikiwa nzito, upepo wa lori moja tu unatosha kuanza kuirusha kushoto na kulia, na mwendo ukipanda kila yumbo linazidi lililotangulia. Likikutokea, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, punguza mwendo. Usiongeze mwendo hata kidogo kwa kudhani utainyoosha.

Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli: makopo, hema la mbele, zana. Baiskeli zikining'inia nyuma kabisa ndizo zinazoharibu hesabu. Maji kwenye tangi ni kilo moja kwa kila lita, kwa hiyo safiri na lita 10 za kusukumia choo, mengine utajaza kambini. Mtungi wa chuma wa gesi ya kilo 11, ukiwa umejaa, unapita kilo 20. Na mtoto ana mzigo, jamani: kigari, kitanda cha kukunja, poti, nepi za wiki mbili. Nepi utazipata hata Italia.

Jambo moja watu hulikosea wakipakia: njia ya kutoka mlangoni hadi chooni iachwe wazi. Choo chako mwenyewe ndiyo raha kubwa ya karavani. Ukijaza sakafu mifuko, mtoto akibanwa kituoni utaanza kuhamisha mizigo mvua ikinyesha.

Tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama tu. Zikifika miaka sita zibadilishe, hata kama kashata bado ni nzima. Tafuta namba nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Pima upepo tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kwenye kibao cha karavani, si cha gari. Upepo ukipungua, mzigo ukiwa mkubwa na lami ikiwa ya moto, tairi linapasuka. Nati zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, zirudiwe baada ya kilomita 50. Na hakikisha kuna stepni, kwa sababu karavani nyingi zinauzwa bila hiyo.

Kabla ya kuondoka zunguka mara moja ukigusa kila kitu kwa mkono: miguu ya pembeni juu, gurudumu dogo juu, waya wa breki ya dharura umefungwa, plagi imeingia, taa zinawaka, gesi imefungwa, madirisha ya paa yamefungwa. Friji iwe imewashwa kwa umeme wa nyumbani tangu jana yake, kwa sababu umeme wa gari unatunza baridi iliyopo tu, hauizalishi. Ukizima injini friji nayo inalala. Maziwa ya mtoto yakae kwenye boksi la barafu ndani ya gari.

Tena kila kitu cha mtoto kikae ndani ya gari. Foleni ikisimama kwenye Autobahn, hairuhusiwi kushuka kwenda nyuma kutafuta kitu. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, vitafunio visivyonata, vitambaa vyenye maji, nguo za kubadili seti mbili, mifuko ya kutapikia, na poti yenye mifuko inayofyonza mkojo. Mtoto anayetapika safarini aangalie nje kupitia dirishani. Tableti inaongeza kichefuchefu, maana macho yanaona kitu kilichotulia wakati sikio la ndani linahisi mwendo. Weka pazia la jua kwenye vioo vya pembeni.

Mtu asikae ndani ya karavani ikiwa inavutwa. Sheria ya Ujerumani imekataza, hata kama mnatambaa. Na mtoto hadi afike miaka 12 au sentimita 150 anahitaji kiti chake. Kwa viti vya R129, kanuni ya usalama wa viti vya watoto, mtoto anatazama nyuma mpaka apite miezi 15.

Mwendo ukishuka hadi kama wa mtu anayetembea, tengenezeni njia ya dharura hapohapo, msisubiri king'ora. Aliye njia ya kushoto kabisa asogee kushoto, wengine wote wasogee kulia. Mwenye karavani aanze mapema, kwa sababu mkia unachelewa kufuata na ukisimama umepinda ndio unaoziba ambulensi. Faini ni euro 200, pointi mbili za makosa kwenye rekodi ya dereva, na mwezi mmoja bila kuendesha.

Siku ya tatu ni Brenner, njia ya mlimani kati ya Austria na Italia, na hapo panahitaji akili. Austria gari linahitaji vinyeti, yaani kibali cha kulipia barabara kuu, karavani haihitaji yake (Uswisi ni tofauti, huko trela nayo inalipiwa). Barabara ya A13 ya Brenner ina malipo yake pembeni, nunua mtandaoni mapema. Daraja la Lueg kwenye barabara hiyo linajengwa upya, na tangu Januari 2025 siku nyingi magari hupita njia moja kila upande. Wikiendi za kiangazi jimbo la Tirol, huko Austria, hufunga njia za kutoka barabara kuu kwa magari yanayopita tu, kwa hiyo ramani ya simu ikikwambia "toka hapa, utaokoa dakika 20", usitoke. Polisi watakurudisha, na kugeuza karavani kwenye barabara ya kijijini ni kazi. Vuka Kufstein, mpakani mwa Ujerumani na Austria, katikati ya wiki, kabla ya saa moja asubuhi.

Kilele kiko mita 1,370 hivi, Bolzano chini yake haifiki 300. Shuka kwa gia ndogo, injini ifanye kazi ya kuzuia. Ukikanyaga breki mfululizo zinachemka na kuacha kushika. Mtoto mpe maji anywe kidogo kidogo ili masikio yafunguke. Ndani ya Italia, kwenye barabara kuu za kasi, ni kilomita 80 kwa saa.

Mkiweka nafasi za kulala njiani, ombeni kiwanja ambacho gari na karavani vinaingia bila kutenganishwa, kama mita 12 kwa urefu. Mtalala, mtaamka, mtaondoka, bila kufunga waya gizani. Na tarehe ya kurudi ipangeni leo hii: Jumanne au Jumatano, mkiacha siku mbili kabla ya kazi na shule. Viwanja vya kulala katikati ya wiki kwa ajili ya kurudi, wekeni nafasi pamoja na vile vya kwenda.