Grisi, Si Masizi: Krismasi ya Kwanza ya Mtoto Nairobi

Haya, hamjambo nyote? Sauti inafika? Hiyo honi mnayoisikia ni ya matatu hapa chini. Kondakta amekataa kuondoka hadi kiti cha mwisho kijae, na leo ni tarehe 27 Desemba, abiria wenyewe hakuna. Mmezoea kuniona Dallas, nimeketi ndani ya gari nje ya duka nikiwalalamikia bei ya mayai. Leo niko kwenu. Hii ni roshani ya shangazi yangu, Umoja, na zile nguo ndogo zilizojaa kwenye kamba nyuma yangu zote ni za mtu mmoja mwenye umri wa miezi minne.

Ndiyo, tumekuja naye. Uso wake hamtauona na jina lake silitaji hapa, nilishawaambia tangu azaliwe. Akikua akitaka chaneli atafungua yake. Ila jina ni la babu yangu mzaa baba, na video ya leo ni ya huyo babu kuliko ya mtoto, kwa hivyo waliokuja kuona mashavu wanisamehe.

Kwanza niwajibu walioandika, "Mmaragoli gani huyu anabaki Nairobi Krismasi?" Swali la haki. Nairobi ya wiki hii mnaijua: Jogoo Road unapita kama barabara ya kwenu, maduka nusu yamefungwa, na kila mtu wa magharibi alishapanda basi kwa nauli iliyopandishwa kwa ajili yake. Utoto wangu wote sikumbuki Krismasi ya Nairobi. Ilikuwa Vihiga, kwetu Wamaragoli huko magharibi, kuku, chapati, na binamu kumi na wawili kwenye mkeka mmoja.

Mwaka huu daktari wa mtoto alituuliza tunaenda upande gani wa Kenya. Tukasema Nairobi, akatulia. Tukasema Vihiga, akaweka kalamu chini. Nairobi malaria si tatizo kubwa, lakini kule kwetu ni nyumbani kwake. Chanjo ya malaria ipo, Kenya ilianza kuitoa 2019 kwenye baadhi ya kaunti za magharibi, Vihiga ikiwemo, lakini mtoto huanza kuipata akifika miezi sita. Wetu ana minne. Tukaamua tubaki mjini, safari ya Vihiga ingoje.

Baba mkubwa hakufurahi. Alinipigia simu akaniambia, "Sisi tulizaliwa hukuhuku, mbona hatukufa?" Simu ilikuwa kwenye spika na nyanya alikuwa karibu naye. Nikamsikia akisema, polepole kabisa, "Niulize mimi nilizaa wangapi, halafu hesabu mlio hai." Baba mkubwa akaaga. Kesho yake asubuhi nyanya akapanda basi la kuja Nairobi, yeye na kuku wawili.

Sasa hapa ndani yeye ndiye serikali. Mtoto anaogeshwa na nyanya, ananyooshwa viungo na nyanya, analia akibebwa na mimi na kunyamaza akibebwa na nyanya. Siku ya kwanza alimvua nguo zote, akaushika mkono wa kushoto, akautazama chini ya kiwiko, akaugeuza, akautazama tena. "Huyu mtoto hamkumdunga?" Nyinyi mnaelewa alichokuwa anatafuta. Sisi sote tuna lile kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo hapa mtoto hupewa anapozaliwa. Marekani hawaitoi kwa kila mtoto kwa sababu ugonjwa wenyewe kule ni nadra. Nikamweleza hivyo, nikaleta na kadi ya chanjo, kurasa zote zimejazwa. Akaipokea, akaipitia kwa heshima, akanirudishia. "Mkono hauna alama," akasema. Tutaenda kuuliza kliniki, maana sioni nikishinda kesi hii.

Halafu soksi. Jamani, soksi! Nimemtoa mtoto nje saa saba mchana, jua linawaka, miguu mitupu. Kutoka lango la ploti hadi kibanda cha mboga nilisimamishwa na akina mama ambao hata siwajui. "Baba, mtoto atashikwa na nimonia." "Baba, boshori iko wapi?" Mmoja alimfunika na leso yake mwenyewe, akaniuzia sukuma wiki, akachukua leso yake. Kule Dallas unaweza kutembea na mtoto mwezi mzima na hakuna atakayekuuliza kitu. Mke wangu anasema hajui kipi kinamchosha zaidi, lakini juzi nilimsikia akicheka na mama wa kibanda kama wamesoma pamoja.

Yeye ndiye anayestahili pumziko hili kuliko sisi wote. Hapa Kenya sheria ya kazi ya 2007 inampa mama miezi mitatu na mshahara wake kamili, na baba wiki mbili. Kule sheria ya taifa, ya 1993, inakulindia kazi kwa wiki 12, bila mshahara, na si kila mfanyakazi anaingia humo. Kwa hivyo alirudi kazini bado mwili haujarudi. Mama yake alikuwa kwenye simu: Dallas saa tatu usiku, Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, anamwelekeza kwenye skrini namna ya kumcheulisha mtoto. Sasa anaamka, anakuta uji wa wimbi umepoa kiasi cha kunyweka, na mtoto hayupo kitandani, yuko mgongoni mwa mtu. Sitaki kulizungumzia zaidi, anaweza kutazama hii.

Haya, babu.

Mnajua desturi ya kuja kuona mtoto. Mgeni haji mikono mitupu, kuna sukari, kuna unga, kuna sabuni ya kufulia. Lakini kwa sababu mtoto ana jina la babu, kila mgeni amekuja pia na babu yake. Mzee mmoja waliyekaa naye Makongeni, kwenye nyumba za reli, alisema babu alikuwa mkarimu sana, alikukopesha na hakudai. Shangazi alikuwa anamimina chai, akasimama na birika hewani: "Huyo huyo aliyekuwa anatuhesabia vijiko vya sukari?" Mwingine akasema alikuwa mkimya. Mwingine akasema alikuwa na hasira. Usiku wa kwanza mtoto alilia hadi alfajiri, na shangazi, kama wanavyofanya kwetu, akaanza kumtajia majina ya marehemu mmoja mmoja aone atanyamaza kwa lipi. Mimi nilisema ni zile saa tisa za tofauti na Dallas. Shangazi akasema huyo ni babu, alikuwa hivyo hivyo akinyimwa usingizi.

Kitu kimoja tu walikubaliana wote: reli. Na hapo ndipo baba mkubwa, kwa simu tena, ana hadithi yake, mimi nimekua nayo. Kwamba babu alianza kwa kukoka moto, anapakia makaa ya mawe kwa sepetu kutoka Nairobi hadi Mombasa, mikono ikawa migumu, halafu akapandishwa cheo akawa dereva wa lile gari la moshi kubwa. Nikiwa darasa la nne niliandika insha juu ya hiyo sepetu.

Basi Jumanne tukambeba mtoto, tukaenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Kama hujafika, yapo tangu 1971, na wageni wengi hukimbilia lile behewa ambalo simba aliingia akamuua Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900. Mimi sikwenda kwa simba. Nilikwenda kwa 5918, Mount Gelai, moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester miaka ya hamsini, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilivuta mizigo kati ya Nairobi na Mombasa, na kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Nikasimama mbele yake na mtoto, nikamwambia, "Hii ndiyo aliyoendesha babu yako." Mtoto akapiga chafya. Halafu nikamuuliza kijana anayezungusha wageni, makaa yalikuwa yanapakiwa wapi.

Akanitazama. "Makaa? Hizi zilikuwa zinachoma mafuta."

Mafuta mazito, yanaingia kwa bomba, mkokaji anafungua na kufunga valvu. Hakuna sepetu.

Nilirudi Umoja na hilo swali. Nyanya alikuwa kwenye kigoda anachambua mrenda. Nikamwambia nilichoambiwa, nikidhani nitamhuzunisha. Hakuinua hata kichwa. "Mimi ndiye nilifua ovaroli zake miaka yote. Ilikuwa grisi. Masizi sijawahi kufua."

Nikamuuliza, sasa babu alikuwa anafanya nini?

"Alikuwa anagonga magurudumu."

Subirini, sikieni. Treni ikisimama, kuna mtu anapita kando yake na nyundo yenye mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja, anasikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Huyo mtu akisikia sauti iliyokufa, behewa linakatwa, haliendi. Anapapasa na pale ekseli inapokaa, kama pamepata moto kupita kiasi maana yake mafuta yamekauka, anajaza. Ndiyo hiyo grisi. Babu alifanya hiyo kazi mchana na usiku, chini ya Reli ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika 1977 akaendelea nayo chini ya reli ya Kenya, nyundo ile ile.

Sasa niwaambie kwa nini nilikaa chini. Babu alifariki nikiwa kidato cha pili, na kumbukumbu yangu kubwa ya yeye ni sokoni Mbale, kule kule Vihiga. Babu hakununua kitu bila kukigonga. Chungu, anakigonga kwa kidole kilichokunjwa, anainamisha sikio. Sufuria, anagonga. Tikitimaji, bakuli, hata jembe. Wachuuzi walikuwa wanamcheka, na mimi nilikuwa najificha nyuma yake kwa aibu, nikijua ni uzee. Shangazi anasema hata mlango wa nyumba aliugonga kabla ya kulala, kila usiku, na wao walidhani anahakikisha umefungwa. Mtu alisikiliza vyuma miaka thelathini na kitu, sikio likakataa kustaafu.

Na nitasema jambo ambalo baba mkubwa hatalipenda: mimi huyu babu wa nyundo namtaka kuliko yule wa sepetu. Dereva alipungiwa mkono na watoto kila kituo. Huyu wa magurudumu, treni ikifika salama Mombasa hakuna anayejua alikuwepo. Watu mia kadhaa wamelala, wanakula, wanapita Voi usiku, kwa sababu mtu Nairobi alisikia kila gurudumu likilia vizuri. Sielewi kwa nini familia ilihitaji kumpa kazi nyingine. Labda ni kwa sababu dereva unaweza kumwelezea mtoto kwa neno moja. Labda yeye mwenyewe hakukanusha, nyanya anasema babu alikuwa akisikia hiyo hadithi ya udereva anatabasamu na kuomba chai.

Nilimuuliza nyanya nyundo iko wapi. Nilikuwa tayari nimeshaiwazia ukutani kwetu Dallas, kwenye fremu, na taa ndogo. Akasema ipo Vihiga, ndiyo inapigilia kigingi cha ng'ombe, na nisithubutu kuiondoa maana hakuna nyingine nzuri kama hiyo.

Kwa hivyo kama baba yako au babu yako alifanya kazi reli, hasa miaka ya sitini na sabini, Nairobi, Nakuru, Changamwe, popote, na kama alikuwa mmoja wa hawa wa nyundo, niandikie hapo chini. Nataka kujua walifundishwaje. Kuna mtu alikugongea gurudumu bovu na zima ukasikiliza hadi ukajua, au ilikuwaje? Na usiku, treni nyingine zikipita na kupiga honi, walisikiaje? Nyanya hayajui hayo, na aliniambia nisimsumbue tena, nimemfanya akose taarifa ya habari.

Baba mkubwa hajakubali. Amesema anakuja Mwaka Mpya, na anakuja na ushahidi: picha ya babu akiwa ndani ya injini, mkono nje ya dirisha, kofia kichwani. Nilipomwambia nyanya, akauliza kama ni ile yenye kitambaa mkononi. Nikapiga simu kuuliza. Baba mkubwa akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, kuna kitambaa.

"Alikuwa amepanda kufuta kioo," nyanya akasema.

Picha ikifika nitawaonyesha, muamue wenyewe. Shangazi ananiita, mtoto ameamka, na nadhani hana soksi.