Jinsi ya kusoma transkripti ya haiskuli Marekani na kupanga safari ya baada ya kuhitimu

Karibuni. Video hii ni ya mzazi au mlezi mwenye mtoto haiskuli hapa Marekani, na ni ya mwanafunzi mwenyewe pia, kwa hiyo kaeni pamoja. Mezani wekeni vitu vitatu: transkripti ya mtoto, karatasi ya masharti ya kuhitimu kutoka wilaya yenu ya shule, na kalamu mbili, ya kijani na nyekundu. Kama hamna transkripti, sitisheni video hapa, mwandikieni kaunsela baruapepe mwombe nakala isiyo rasmi. Ripoti ya muhula haitoshi. Ripoti inakuonyesha alama za sasa. Transkripti ndiyo inayoonyesha krediti, yaani pointi za masomo aliyofaulu, zilizokwisha kuingia.

Jambo moja kabla hatujaanza. Mzazi, ukitaka kikao na kaunsela, omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa mapema. Shule ya umma inawajibika kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa, bila kukutoza chochote, na wajibu huo unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Usimfanye mtoto mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye. Hata mtoto mwaminifu hulainisha habari mbaya anapoitafsiri mwenyewe.

Haya, hatua ya kwanza: kuhesabu krediti.

Haiskuli ni miaka minne, darasa la 9 hadi la 12. Kwa wazazi waliokulia kwenye mfumo wa mtihani wa taifa, hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanamwacha mtoto alegee darasa la 9 wakijua atakaza buti mwaka wa mwisho. Hapa alama za darasa la 9 huandikwa na kubaki. Kila somo analofaulu linampa krediti, na cheti hutolewa krediti zikitimia katika kila fungu la masomo.

Kwenye shule nyingi somo la mwaka mzima ni krediti 1, la muhula mmoja ni nusu. Jumla inayotakiwa huwekwa na jimbo, na wilaya inaweza kuongeza juu yake. Texas, kwa mfano, mpango wa msingi ni krediti 22, na ni 26 kwa mwanafunzi anayechukua mkondo maalumu. Ukiwa California usishtuke kuona wilaya ikidai 220: wilaya nyingi huko huhesabu muhula mmoja wa somo kuwa krediti 5.

Sasa chukua karatasi ya masharti. Pitia fungu moja baada ya jingine: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia na uraia, mazoezi ya viungo, sanaa, lugha, masomo ya hiari. Krediti iliyopatikana, weka alama ya kijani. Inayokosekana, nyekundu. Fanya hivyo kwa muhula, usifanye kwa mwaka.

Tazama mstari huu kwenye skrini. Kiingereza cha darasa la 9, muhula wa kwanza: C, krediti 0.5. Muhula wa pili: F, krediti 0.0. Mtoto huyu yuko darasa la 10 na anafaulu Kiingereza cha darasa la 10, kwa hiyo nyumbani wote wanaona mambo yako sawa. Hayako sawa. Ile nusu haifutwi na somo la mwaka unaofuata. Lazima airudie, ama shule ya kiangazi ama programu ya kurejesha krediti kwa kompyuta. Airudie kiangazi kilekile. Akiisogeza hadi darasa la 12 itagombania nafasi na masomo mengine ya lazima, na hapo ndipo mtu anapoambiwa mwezi wa tatu kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya wahitimu.

Mtego wa pili ni jumla. Mwanafunzi anaweza kuwa na krediti zote zinazotakiwa, tuseme 24, na bado asihitimu, kwa sababu nyingi ni za hiari na somo la hesabu limepungukiwa krediti moja. Madarasa ya Kiingereza kwa wanaojifunza lugha huangukia hapa. Shule moja huyahesabu kama Kiingereza, nyingine huyatia kwenye hiari. Uliza swali hilo kwa baruapepe ili jibu libaki limeandikwa.

Kwa mtoto aliyesoma Kongo, Tanzania, Kenya, Uganda au kambini: peleka ripoti zake zote za zamani wiki za mwanzo na uombe zitathminiwe. Hata zikiwa za Kifaransa au Kiswahili, peleka. Kama hakuna karatasi, uliza kuhusu mtihani wa lugha. Wilaya nyingi humpa mwanafunzi krediti za lugha ya kigeni akithibitisha kwamba anasoma na kuandika lugha yake, na Kiswahili kinapimwa. Na kijana aliyefika akiwa na miaka 17 au 18, usikubali haraka akielekezwa kwenye darasa la watu wazima. Uliza kwanza kikomo cha umri cha jimbo lenu. Majimbo mengi huruhusu haiskuli hadi miaka 20 au 21.

Hatua ya pili, wastani wa alama, yaani GPA. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Jumlisha, gawa kwa idadi ya masomo. Mwenye A mbili, B mbili, C moja na F moja ana 16 kwa masomo sita: 2.67. Ile F ingekuwa C, angekuwa na 3.0 kamili. Ukiona GPA mbili kwenye transkripti, moja kubwa kuliko nyingine, ile kubwa imeongezewa uzito kwa masomo magumu. Fomu ya chuo au ya ufadhili itasema inataka ipi.

Kuhusu D, nieleweke vizuri. Kwenye shule nyingi D ni kufaulu na inaleta krediti. Lakini vyuo vikuu vya umma vya California, mifumo yote miwili ya UC na CSU, vinadai masomo 15 maalumu ya maandalizi yenye C au zaidi. Kwa hiyo mtoto anaweza kutembea jukwaani na kofia yake, akapokea cheti, na asiwe na sifa hata ya kuomba huko. D ya hesabu, ya Kiingereza au ya sayansi, tunashauri irudiwe.

Hatua ya tatu, kuchagua masomo ya mwaka ujao. Fomu hizi hutoka kati ya Januari na Machi na mara nyingi mtoto huzijaza peke yake kwa dakika kumi. Zisubirini.

Angalieni hesabu kwanza, kwa sababu imefungwa kama mnyororo: aljebra ya 1, jometri, aljebra ya 2, kisha maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi. Anayeanza aljebra ya 1 darasa la 9 ataishia kwenye maandalizi ya kalkulasi darasa la 12. Hiyo inatosha kwa njia nyingi. Kama ndoto ni uhandisi, muulizeni kaunsela kama anaweza kusoma jometri na aljebra ya 2 mwaka mmoja, au jometri kiangazi. Swali hili ni la darasa la 9 na la 10; darasa la 12 limechelewa.

Masomo ya AP, yaani masomo ya haiskuli ya kiwango cha chuo, yana mtihani mwezi Mei, alama 1 hadi 5, na vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 3, vingine hudai 4 au 5. Masomo ya chuo yanayosomwa ukiwa haiskuli ni mazuri na mara nyingi ya bure, ila yana hatari yake: alama huingia kwenye rekodi ya kudumu ya chuo. F ya huko itamfuata hata kwenye msaada wa fedha.

Hatua ya nne, njia ya baada ya kuhitimu. Koleji ya jamii ni miaka miwili, ada yake ni ndogo, na mtu anaweza kuhamia chuo kikuu baadaye. Sharti ni moja: kabla ya kujiandikisha somo la kwanza, pata orodha ya masomo yanayokubaliwa kule unakotaka kuhamia. Wanaopoteza muda ni wale wanaokusanya masomo kwanza na kuuliza baadaye. Uanagenzi uliosajiliwa, kama wa umeme au mabomba, hulipa mshahara tangu mwanzo na kwa kawaida huchukua miaka minne hadi mitano. Wengi hudai aljebra ya 1 iliyofaulu, kwa hiyo hata huku hesabu inakufuata. Shule binafsi za ufundi zichunguzeni sana. Bandika jina la shule kwenye tovuti ya serikali ya College Scorecard uone gharama na wangapi humaliza. Jeshi: mwenye grini kadi anaweza kuomba. Na kila kijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25, mkimbizi akiwemo, awe anataka jeshi au hataki, hakikisheni kwenye tovuti ya sss.gov kwamba amesajiliwa na Selective Service, orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini ikilazimu. Kukosa usajili huo kunaweza kumsumbua akiomba uraia.

Kwa chuo kikuu, fomu ya pamoja ya Common App hufunguliwa Agosti 1. Tarehe za mapema huwa Novemba 1 au 15, za kawaida mara nyingi mwanzoni mwa Januari. Walimu wa kuandika barua za mapendekezo waombwe mwisho wa darasa la 11. Ada ya maombi inaweza kusamehewa kwa familia ya kipato kidogo. Msilipe kabla ya kuuliza.

Hatua ya tano ni fedha, na fomu ni FAFSA, ile ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo, kwenye studentaid.gov. Hufunguliwa kufikia Oktoba 1. Ni bure, anayekudai pesa kukujazia anauza kitu cha bure. Wenye grini kadi na wakimbizi waliopokelewa rasmi wanaruhusiwa kuomba. Mwanafunzi afungue akaunti yake, mzazi yake, kila mmoja na baruapepe yake. Mkitumia moja, fomu itakwama. Hitilafu kubwa kwa familia zetu ni majina: mfuatano wa majina lazima ufanane herufi kwa herufi na kadi ya Social Security, na tarehe ya kuzaliwa ifanane na iliyo kwenye rekodi za Social Security, hata kama tarehe hiyo ni ile ya Januari 1 mliyoandikiwa kambini. Taarifa za kodi zinazotumika ni za miaka miwili nyuma: fomu ya 2026–27 hutazama kodi ya 2024. Ruzuku ya Pell, isiyorudishwa, kiwango chake cha juu kwa 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Majimbo kadhaa, Illinois na Texas yakiwemo, yamefanya kujaza FAFSA au kusaini fomu ya kujitoa kuwa sharti la kuhitimu.

Barua ya msaada wa fedha kutoka chuoni ikifika, rudini kwenye kalamu. Mfano wetu: gharama dola 28,000, ruzuku 12,000, mkopo wa serikali 5,500, kazi za chuoni 2,000. Barua itajumlisha ikuambie umepewa 19,500. Ruzuku peke yake iwe kijani. Mkopo utarudishwa, na ile 2,000 ni mshahara wa kazi ambayo bado haijafanywa, haipunguzi bili ya Agosti. Gharama yenu halisi ni 16,000. Linganisheni vyuo kwa namba hiyo, kisha mjibu kabla ya Mei 1, tarehe inayotumiwa na vyuo vingi.

Baada ya hapo mtoto afungue baruapepe ya chuo kila siku, kiangazi chote. Chuo kikiomba nakala za kodi kuhakiki FAFSA na asijibu, msaada unasimama. Kadi ya chanjo itatakiwa pia. Na kabla kaunsela hajaenda likizo Juni, mwombeni atume transkripti ya mwisho moja kwa moja chuoni. Nakala ya mkononi haikubaliwi, na alama zilizoporomoka muhula wa mwisho zinaweza kufuta nafasi.