"Smoke on the Water": Ilivyozaliwa, na Jinsi Inavyoharibiwa

Habari za jioni. Naona kuna vijana wamekuja na magitaa, kwa hiyo historia ya wimbo huu wa roki nitaipitia haraka ili tubaki na muda wa nyuzi.

Desemba 1971 Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza iliyoutunga, walifika Montreux, mji wa Uswisi ulio kando ya Ziwa Geneva, kurekodi albamu ndani ya ukumbi wa kasino. Walikodi studio ya Rolling Stones, ile iliyofungwa ndani ya lori. Ilibidi kwanza Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, na bendi yake wamalize onyesho lao la tarehe 4. Katikati ya onyesho, mtu akafyatua bastola ya ishara, ile inayorusha mwali, kuelekea darini. Dari ikashika moto. Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la mji huo, alisaidia kuwatoa vijana. Hakuna aliyekufa, lakini kasino iliteketea pamoja na vyombo vya Zappa, na moshi ukatanda juu ya ziwa.

Nobs akawatafutia ukumbi mwingine, Pavillon. Huko walirekodi ala za wimbo huu usiku, majirani wakalalamika, polisi wakaja. Walitoka na wimbo mmoja tu, nao hauna maneno. Wakahamia Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, wakaziba korido kwa magodoro ili sauti isivume. Kusikiliza walichorekodi kulimaanisha kupita vyumbani na kwenye roshani mpaka kwenye lori, basi wakaacha kusikiliza. Walipiga mpaka wakaridhika, wakaendelea na wimbo mwingine. Mimi naona ndiyo maana albamu hiyo, Machine Head, ina uhai kama wa jukwaani.

Mwishoni ikaonekana albamu ni fupi. Fundi wao wa sauti, Martin Birch, akawakumbusha kile kipande cha Pavillon. Mpiga besi Roger Glover alikuwa ameamka usingizini na jina la wimbo mdomoni, yaani "Moshi Juu ya Maji", na maneno yakawa taarifa kavu ya tukio: mahali, moto, nani alifanya nini. Kwa ufupi, kilikuwa kijalizo. Albamu ilipotoka Machi 1972, singo ya kwanza, yaani wimbo unaouzwa peke yake, ilikuwa "Never Before". Hii yetu ikawa singo Marekani mwaka 1973, ikafika nafasi ya 4 kwenye chati.

Sasa rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia. Ipo kwenye G maina, na mpiga gitaa Ritchie Blackmore anapiga noti mbili kwa pamoja, zilizopishana kwa nne (kama D na G iliyo juu yake). Njia nyepesi ni nyuzi mbili, waya wa D na wa G, zikibanwa pamoja kwenye freti (vipande vya chuma shingoni mwa gitaa) au zikiachwa wazi bila kubanwa: wazi, freti ya 3, ya 5, wazi, 3, 6, 5, wazi, 3, 5, 3, wazi. Basi. Lakini sikilizeni inavyoharibiwa madukani kila siku.

Kosa kubwa ni kuipiga kwa kodi za tano ("power chords"), noti ya mzizi, ile inayoipa kodi jina, ikiwa chini. Katika rekodi mzizi, G, upo juu na D ipo chini yake. Ukiipindua, rifu inakuwa nzito na inazama. Kosa la pili ni piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kugonga nyuzi. Piki hugusa waya mmoja kabla ya mwingine, hata kwa upesi gani. Blackmore anazivuta nyuzi zote mbili kwa vidole, zinalia kwa mara moja. Ukiongeza makwaruzo mengi kwenye amplifaya, noti mbili zinakuwa uji; punguza geini, kitufe kinacholeta makwaruzo hayo.

Halafu kuna mapigo. Hesabu mapigo manne kwa kila baa (kipimo cha muziki). Kipande cha kwanza, noti tatu za mwanzo, kinaanza kwenye pigo la 1. Kipande cha pili kinaanza nusu pigo kabla ya baa ya pili, na freti ya 6 inapita upesi kabla ya 5 kutua kwenye pigo la 3. Wengi wanasubiri pigo la 1, na rifu inakauka.

Kuna jambo lingine ambalo wapiga gitaa hawapendi kuambiwa: nusu ya sauti hiyo si gitaa. Mpiga kinanda Jon Lord alipitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya ya gitaa ya Marshall, kikanguruma, akaipiga rifu ileile. Bendi yenye magitaa mawili bila kinanda haitaipata. Na msiingie wote kwa pamoja: gitaa peke yake, kisha haihati (matoazi mawili ya dramu) na kinanda, kisha dramu zote, besi mwishoni. Besi ikiwahi, hakuna kilichobaki cha kuongeza kabla mwimbaji Ian Gillan hajaanza kuimba.

Kasino ilijengwa upya, ikafunguliwa 1975, na ndani yake ikawekwa studio ya kurekodia, Mountain Studios, ambayo bendi ya Queen waliinunua mwaka 1979. Ndiyo, Queen ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Sanamu yake imesimama ukingoni mwa ziwa lilelile.

Haya, wenye magitaa sogeeni mbele. Piki zibaki mfukoni, geini iwe chini ya nusu, na tuhesabu baa nne polepole.