Muscat Si Wete

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana ambao viza zenu zimeshatoka.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazini Oman. Naanza na jambo linalowaponza vijana wetu wengi: mazoea. Unashuka Muscat, unaingia kwenye teksi, unapiga simu nyumbani kusema umefika salama, ukikata tu, dereva anakuuliza, "Pemba ya wapi wewe?" Si ajabu. Familia nyingi zilihama kutoka visiwani Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970 akawafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Ukienda soko la Muttrah utakuta halua, ubani na kofia. Moyo unatua, unajiona umefika kwenu Pemba, mjini Wete.

Lakini kazini hakuna kwenu. Mkataba ni wa Kiarabu, msimamizi wako huenda akawa Mhindi au Mmisri, na hana muda wa kukubembeleza. Vijana wetu hukaa miaka wakizungumza Kiswahili wao kwa wao, na siku mgongo unapouma hawajui kumwambia mtu. Inaniuma sana, kwa sababu sisi tumesoma chuo cha Kurani tangu wadogo, herufi za Kiarabu tunazijua. Huo ni mtaji. Anzeni leo kujifunza Kiarabu: hesabu, majina ya vifaa, maumivu ya mwili.

Joto nalo. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Ni haki yako, usione haya kupumzika. Ukirudi chumbani, utafungua bomba la maji baridi na yatatoka ya kuchoma, maana tangi liko juu ya paa limepigwa jua kutwa. Wenyeji wa mambo huzima hita ya bafuni, wakaogea maji ya bomba la moto. Yale yamekaa ndani, yamepoa.

Sasa nawageukia mnaobaki. Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Ukimpigia mwanao saa tano za usiku, kwake ni saa sita, na huenda alfajiri anasubiri basi la kazini. Mpigieni Ijumaa baada ya sala, maana wengi ndiyo mapumziko yao, ingawa wa majumbani na madukani hawana uhakika huo. Na msizidishe riali kwa shilingi mkaona amepata utajiri. Chakula anakinunua kwa riali hiyo hiyo.

Nakala ya pasi na ya mkataba ziachwe hapa, kwa mtu mwenye kutunza karatasi. Mama yeyote ambaye mwanawe anaondoka wiki hii, asitoke ukumbini. Aniletee huo mkataba tuusome pamoja kabla ya adhana ya laasiri.